Kitabu cha Mazimwi: Ninunue Kipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watano tunaocheza mchezo wa kuigiza mezani, ule wa dadu na karatasi ambamo mmoja husimulia kisa na wengine huamua wahusika wao watafanya nini. Mimi ndiye msimulizi. Akiba yangu inatosha kitabu kimoja tu cha mazimwi, nami nimeona viwili: kimoja kinajivunia mazimwi zaidi ya 500, kingine hayafiki 100 lakini kila moja limepewa kurasa mbili. Kipi kitanifaa?
Msimulizi, Morogoro

JIBU: Nunua hicho cha mazimwi machache, ila usikilipie kabla hujakifungua katikati na kuusoma ukurasa mmoja kama mtu aliyebanwa na wakati, kwa kuwa ndivyo utakavyokisoma mezani: wachezaji wanne wamekukodolea macho, mlango wa pango umeshafunguliwa, nawe una muda wa funda moja la chai kujua kilichomo ndani kinataka nini.

Wingi peke yake si kasoro. Kitabu cha Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons, yaani Monster Manual, kilichotoka Marekani mwaka 1977, kilikuwa na mazimwi zaidi ya 350 katika kurasa 112, kwa hiyo mengi yaliambulia aya chache tu. Yaliyodumu ni yale ambayo aya hizo chache zilitosha kuuvuruga mpango wa wachezaji. Chukua zimwi la kutu, ambalo umbo lake lilitokana na kidude cha plastiki cha kuchezea watoto. Nyama ya mtu haliitaki. Chakula chake ni chuma, na likigusa deraya au upanga kwa vipapasio vyake, chuma hicho huliwa na kutu papo hapo. Askari aliyelikabili jitu jana bila kupepesa jicho leo anarudi nyuma akiikumbatia deraya yake, na mchawi mwenye joho na fimbo ya mti ndiye anayesukumwa mbele. Mmoja atauliza kama misumari iliyomo mfukoni inatosha kulishibisha zimwi ili wapite, mwingine ataanza kuvua deraya gizani. Hakuna aliyejeruhiwa, na tayari kuna mchezo.

Kwa hiyo katika ukurasa utakaoufungua tafuta zimwi linataka nini, litafanya nini likiwaona wageni, na ni lini litakimbia. Ukikuta badala yake aya tano za historia ya ufalme wake uliokwisha anguka, kirudishe rafuni. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasomea wenzangu historia ya namna hiyo hadi mchezaji mmoja akasinzia dadu zikiwa mkononi.

Tarakimu nazo zichunguze. Toleo la nne la Dungeons & Dragons, la mwaka 2008, lilileta mazimwi yenye alama nyingi mno za uhai, zile zinazopungua kila zimwi linapopigwa hadi life, na mapigo hafifu, ndiyo maana mapambano yalirefuka hadi yakachosha; kitabu cha tatu cha mazimwi cha toleo hilo, cha mwaka 2010, kiliyaongezea mapigo makali zaidi. Gawa alama za uhai za zimwi kwa madhara ambayo kundi lako huyafanya katika mzunguko mmoja, yaani kila mchezaji akishapata zamu yake mara moja. Ukipata zaidi ya mizunguko mitano kwa zimwi la kawaida, jiandae kwa usiku mrefu.

Angalia pia umbo la kitabu. Mwaka 1989 mchezo huo huo uliletewa mazimwi katika karatasi za kuchomoa, zilizowekwa ndani ya jalada la pete, ili kila mtu apange mapya na ya zamani kwa alfabeti. Wazo lilikuwa zuri, lakini karatasi nyingi zilibeba zimwi moja mbele na jingine nyuma, na mpangilio ukaharibika mara tu ulipoongeza karatasi mpya. Mwaka 1993 wakarudia kitabu kilichojalidiwa.

SWALI: Je, naweza kutumia zimwi la hadithi zetu ambalo halimo kitabuni?
Mchezaji, Malindi

JIBU: Tena ukilipata zuri, linakushindia mia ya kununua. Yupo yule zimwi anayemtia msichana ndani ya ngoma, akazunguka naye kijiji hadi kijiji, akiipiga ngoma iimbe ili apewe chakula. Anachotaka kinajulikana, na udhaifu wake pia: ni mlafi, tena hadhani kwamba yupo atakayeitambua sauti. Usianze na alama zake za uhai. Anza jioni, uwanjani, ngoma ikiimba, kisha mwambie mchezaji mmoja kwa siri kwamba sauti hiyo ni ya dada yake.