Saidi mira ya kampa iliyogongwa yadini: fungua kwanza, ununue baadaye

Dada, pole sana. Kwa ambao hawakusoma swali lako: kampa yako ya Fiat Ducato, yaani gari lako la kusafiria na kulala ndani, ilikaa yadini Kisumu miezi minne, ukarudi ukakuta saidi mira ya upande wa abiria inaning'inia kwa waya, kioo kikubwa kimepasuka, ganda limetoka kipande, na mwenye yadi anasema hajui lolote. Duka moja limekwambia hakuna dawa ila kuagiza nzima kutoka Ulaya. Mimi nilipatwa na hayohayo Nakuru, gari la aina hiyohiyo na upande huohuo, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu.

Usinunue chochote kabla hujaifungua. Duka linauza saidi mira kama kitu kimoja, lakini ndani yake mna kioo, bamba linaloshika kioo, waya za kukipasha joto, mota za kukisogeza, taa ya indiketa, ganda, mkono na kifundo cha kukunjia. Yangu ilionekana imekwisha kabisa. Nilipoifungua, vilivyokuwa vimeharibika ni viwili tu: kioo na ganda.

Gari langu lilikuwa kwenye yadi moja nje ya mji, upande wa Njoro. Lori la nyasi kavu lilipiga rivasi, kona ya bodi ikaisukuma saidi mira hadi ikapita mahali pake pa kukunjika. Soja wa zamu, mzee mmoja mwangalifu sana, aliokota kila kipande akatia ndani ya ndoo ya rangi, akaifunika kwa gunia akanisubiri. Ndoo ile ndiyo iliyookoa kazi yote. Kwa hivyo kabla hujaendelea kusoma, rudi yadini ukaokote vipande vya plastiki, hata vile vidogo kama ukucha. Vitakusaidia kulipanga ganda upya, na vingine utaviyeyusha.

Piga picha za kutosha kabla ya kugusa kitu, za karibu na za mbali, pamoja na alama za matairi kama bado zipo. Kisha toa waya hasi ya betri ya injini. Wengi huzima ile ya nyumba, ya taa na friji, wakidhani wamemaliza; saidi mira inatumia ya injini.

Bandika tepu juu ya kioo kilichopasuka ili vigae visikumwagikie mikononi. Sukuma kioo kwa kiganja upande ulio karibu na mlango mpaka ukingo wa nje utokeze, kisha chopeka bisibisi bapa uliyoivika kitambaa, ubonyeze polepole. Kioo kimeshikwa na klipu za plastiki. Fanya kazi hii mchana jua likiwa kali, plastiki iwe imelegea. Mimi nilianza saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, Nakuru ikiwa baridi, na klipu ya kwanza ilikatika kama kibiriti. Kwa jua la Kisumu huna shida hiyo. Klipu zikiachia, utaona waya mbili nyuma ya kioo, za kukipasha joto; zivute kwa kushika vile vichwa vyake vya chuma, usivute waya yenyewe.

Ndani ya yangu nilikuta kiota cha udongo, cha nyigu, kikubwa kama yai la kuku, kimeganda juu ya mota. Gari likikaa muda mrefu bila kusogea, hao huingia kwa upenyo ulio kati ya kioo na ganda. Nawe angalia. Ukikuta udongo, ung'oe taratibu kwa kijiti, usimwage maji.

Sasa kifundo, maana hapa ndipo utajua kama ni kutengeneza au kununua. Shika mkono wa saidi mira karibu na mlango, uukunje na kuukunjua mara kadhaa, huku umeweka kidole pale unapozungukia. Ukisikia unakaza kisha unaingia mahali pake, ni mzima. Ukisikia unacheza, au ukiona ufa hata mwembamba kama unywele kwenye mkono au kwenye shina lililofungwa mlangoni, acha. Hicho hakigundishwi, hakishonwi, hakichomelewi. Mkono ule unabeba uzito wa kichwa chote, upepo unausukuma ukiwa barabarani, na kila tuta linautikisa. Gundi itashika wiki mbili, halafu siku moja kichwa kitang'oka na kumpata mtu anayetembea kando ya barabara. Fundi wa jua kali atakwambia inawezekana. Mwambie asante, ununue mkono.

Ganda ni jambo jingine kabisa, linatengenezeka. Tazama upande wa ndani utafute herufi zilizochapwa kwenye plastiki, zinazotaja aina yake. Ukiona ABS, umepata bahati: asetoni inaiyeyusha. Ukiona PP, asetoni haitaifanya kitu na gundi nyingi hazitaishika, hapo fundi aishone kwa chuma cha kulehemia na waya nyembamba. Kama herufi hazisomeki, tia tone la asetoni mahali pasipoonekana, subiri kidogo, uguse: ABS itanata kidoleni.

Yangu ilikuwa ABS. Nilichukua vipande vilivyokuwa vidogo mno kurudishwa, nikavikatakata ndani ya chupa ya kioo, nikamimina asetoni kiasi cha kuvifunika, nikafunga kifuniko. Kesho yake ulikuwa uji mzito mweusi. Kabla ya kupaka, nilitoboa kitundu kidogo kwenye ncha ya kila ufa, kwa biti ya milimita 2, ili ufa usiendelee. Nikaunganisha vipande vikubwa kwa tepu upande wa nje, nikapaka uji ule upande wa ndani, nikaweka kitambaa cha wavu juu yake, nikapaka tena. Uuache siku nzima, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara, maana asetoni inashika moto haraka. Baadaye ni msasa na rangi. Ukiitazama kwa karibu utaona mshono. Imevumilia barabara ya Kericho zaidi ya mara moja, sijaona ufa mpya.

Upande wa umeme usikutishe. Mota ni mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Chukua betri ndogo ya volti 9, ile ya mraba, uguse nayo pini za mota. Ikinguruma na kusogea, ni nzima. Geuza betri, itarudi upande wa pili. Waya za kukipasha joto zipime kwa mita ya umeme: isiposoma chochote, zimekatika. Katika Ducato hizi waya wa antena ya redio pia unaweza kupita humo kwenye saidi mira, kwa hivyo kama redio imeanza kukoroma tangu siku hiyo, usiende kununua redio. Na kwa kuwa gari limekaa Kisumu karibu na ziwa, kagua pini za soketi. Zikiwa na ukungu wa kijani, zisugue kwa mswaki mkavu na dawa ya kusafishia soketi za umeme.

Nimefika kwenye kioo chenyewe, nami naomba hapa unisikilize kuliko kwingine kote. Kioo hiki si kioo cha kujitazamia. Kimebinuka. Nilipopeleka vipande kwa mkata vioo mjini, alinikatia kioo bapa cha ukutani kwa umbo lilelile, akakibandika kwa silikoni, na nikakifurahia kwa sababu kilikuwa safi na rahisi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nashuka kutoka Sachangwan, nikataka kuingia kando pale Salgaa. Nikatazama kushoto. Niliona ukuta wa kampa yangu na utepe wa lami. Nikaanza kuingia, nikasikia ukelele: boda boda, amebeba mama na gunia la viazi, alikuwa ubavuni pangu kabisa. Nilikanyaga breki, wakapita. Mwili wa kampa ni mpana kuliko kichwa cha gari, kwa hivyo kioo bapa kinajaa ubavu wako mwenyewe na barabara inabaki nje. Nilisimama pale nusu saa kabla mikono haijaacha kutetemeka.

Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa, ambayo magari ya Ulaya hutengenezwa kuifuata, inataka mbinuko wa kioo kikuu uwe na nusu kipenyo kisichopungua milimita 1,200, na kile kidogo cha chini, cha kuona kwa upana, kisichopungua 300. Huna haja ya mashine kupima. Chukua rula ngumu ya sentimita 15, iguse katikati ya kioo, utazame ncha zake. Kwa mbinuko wa 1,200 kila ncha itaachana na kioo kwa milimita 2 na kitu. Isipoachana kabisa, umeuziwa kioo bapa. Ikiachana zaidi ya hapo kwa dhahiri, mbinuko umezidi na magari ya nyuma yataonekana madogo na ya mbali kuliko yalivyo. Pima kwanza kipande cha zamani, halafu pima kile unachotaka kununua.

Nilichofanya mara ya pili: nilinunua kioo kikubwa cha lori kwenye duka la spea, baada ya kukipima kwa rula mbele ya muuzaji. Nikalaza vipande vya zamani juu ya kadibodi, nikachora ukingo, nikakata kielelezo. Mkata vioo akakifuata kielelezo, akasugua kingo kwa msasa wa maji. Waya za kupasha joto nilizibandua kutoka kioo cha zamani kwa mashine ya kukausha nywele, nikazirudisha. Zinafaa sana asubuhi zenye ukungu huko Mau Summit.

Silikoni nayo inusie kabla ya kununua. Ile yenye harufu ya siki ina asidi inayokula rangi ya fedha mgongoni mwa kioo. Kile kioo bapa cha kwanza kilikuwa kimeanza weusi pembeni nilipokitoa. Omba isiyo na asidi, duka la vioo litakuwa nayo.

Kuhusu mwenye yadi: wa kwangu alikana pia, mpaka soja alipomtaja dereva wa lori. Tulielewana kwa maandishi na nikalipwa nusu ya gharama. Kama una bima kubwa, kaandikishe kituo cha polisi kwanza upate namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, ndipo uwapigie bima. Kama ni ya mtu wa tatu tu, kama yangu, zungumza na yadi ukiwa na picha mkononi na uzungumze na walinzi wote wa zamu, si mmoja.

Ikiwa kifundo kimevunjika na ni lazima uagize, Peugeot Boxer na Citroën Jumper za mwaka 2006 na kuendelea ni mwili uleule wa Ducato, kwa hivyo tafuta kwa majina yote matatu. Mikono hutofautiana kwa urefu, na kampa pana hutumia mrefu. Pima wa upande wa dereva, kutoka mlangoni hadi ukingo wa nje wa ganda, umpe muuzaji namba hiyo pamoja na picha ya soketi yenye pini zinazohesabika. Na mwambie wazi: mkono wa kushoto, gari la usukani wa kulia. Ukisema "ya abiria" tu kwa muuzaji wa Ujerumani au Ufaransa, atakutumia ya kulia.