Mkuu, usigonge Enter kwanza!

Toa mkono kwenye kibodi. Umesema usiku huu unaandika `ia download --search "subject:swahili"`, unaiacha laptop ishushe vitabu vya Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni (`ia` ni programu yake ya kushushia mafaili kwa kuandika amri), asubuhi uamke na maktaba. Na mimi nililala hivyo hivyo.

Nilikuwa naitafuta kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882 na vitabu vingine vya zamani kama ishirini. Nikanunua bando la GB 50 la mwezi mzima. Saa nne usiku nikaanzisha, alfajiri simu ikaniamsha kwa ujumbe: bando lako limekwisha. Tarehe 2 ya mwezi! Kufungua folda, vitabu havijafika hata nusu. Kimoja kimekuja na PDF ya MB 40 hivi, na pembeni limekaa dude linaloishia `_jp2.zip`, zaidi ya MB 400. Hizo ni picha za skana, ukurasa kwa ukurasa. Bado `_djvu.txt` ya maandishi matupu, bado `_scandata.xml` ya taarifa za skana, bado vijipicha vya jalada. Mke wangu akachungulia, akauliza, "Ndiyo vitabu hivi?" Nikajifanya nimeitwa nje.

Na vya sauti ndiyo usiseme. Sura ileile moja unaletewa MP3 ya ubora wa 64 kbps, MP3 ya 128, na Ogg, aina nyingine ya faili la sauti, juu yake. Sijui nina masikio mangapi.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video za YouTube: "Andika jina tu, programu inajua unachotaka, wewe kalale." Inajua nini? Usipoiambia, inabeba kila kilichomo, kama mtu uliyemtuma nyanya akarudi na genge zima, na bili juu. Yeye bila shaka alikuwa kwenye waifai ya ofisi. Mimi hata leo nikisikia ile sauti yake ya "karibuni tena" natafuta kiatu cha kurusha.

Sasa andika hivi:

`ia download --search "subject:swahili" --glob="*.pdf" --dry-run`

Hiyo `--glob="*.pdf"` inachagua PDF tu, na `--dry-run` haishushi kitu. Inakutolea anwani za mafaili tu, moja kila mstari. Zisome. Ukiona mistari elfu kadhaa, ujue utafutaji wako ni mpana mno, punguza. Ukiona kitabu kimoja kina PDF mbili, moja inaishia `_text.pdf`, chagua moja. Ukiridhika ndipo uiondoe `--dry-run` ugonge Enter. Mimi siku hizi naiweka hata kwa kitabu kimoja, watu wananicheka, wacha wacheke.

Umeme ukikatika, rudia amri ileile, yaliyokwisha kushuka inayaruka.

Bandika hapa mistari kumi ya kwanza ya hayo majibu ya `--dry-run` tuione kabla hujaenda kulala.