Padri, nitajuaje kusudi nililoumbiwa?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo Padri. Mimi ni Mwanglikana, nina miaka 31, nina mke na mtoto mmoja. Nilisomea maendeleo ya jamii ngazi ya diploma, ajira sikupata, na sasa huu ni msimu wa tatu niko karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika hapa wilaya ya Masasi, napima korosho. Hivi karibuni nilienda kwenye mkutano wa injili. Mtumishi mmoja akaniita mbele, akasema nyota yangu imefunikwa, Mungu ameniitia mataifa nami nimekaa kwenye magunia. Akanisomea Yeremia 29:11, kisha akanitaka nitoe sadaka ya laki tatu ili kusudi langu lifunguliwe. Tangu siku hiyo kazi imenitoka moyoni. Niliosoma nao, mmoja ni afisa halmashauri, mwingine ana shirika lake Dar. Nafikiria niache kazi nifunge na kuomba mpaka Mungu anionyeshe. Mke wangu hataki hata kusikia. Nitajuaje kusudi nililoumbiwa?

JIBU

Milele na milele, amina. Marahaba mwanangu.

Nitangulize jibu la haraka, maana msimu hauko mbali: kazi usiache, na laki tatu usitoe. Katika hilo mke wako yuko sahihi, mwambie nimesema. Sasa tukae tuzungumze.

Andiko ulilosomewa ni la kweli, ila ulisomewa kipande. Yeremia 29 ni barua. Nabii aliiandika akiwa Yerusalemu, akawapelekea Wayahudi waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli. Kabla hujaufikia mstari wa 11 kuna maagizo ambayo huyo mtumishi aliyaruka: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, utakieni amani mji ule mliochukuliwa mateka na kuuombea kwa Bwana. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Piga hesabu mwenyewe. Aliyefika Babeli akiwa na umri kama wako asingeyaona marejeo kwa macho yake, labda wajukuu zake. Yeye aliambiwa alime, alee watoto, na auombee heri mji wa watu waliomteka. Hayo ndiyo "mawazo ya amani" yalivyoonekana kwake siku ya Jumatatu.

Rudi nyuma sura moja umwone Hanania. Naye alikuwa nabii, naye alisema "Bwana asema hivi", akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatarudi. Bila shaka watu walimpenda. Nani asingependa miwili badala ya sabini? Yeremia akamwambia kuwa Bwana hakumtuma, na mwaka uleule Hanania akafa. Sisemi mtumishi wako ni Hanania, simjui. Nasema tu kwamba utabiri mtamu na wa haraka ulikuwapo zamani za Yeremia, na Biblia haikuuficha.

Lakini ninayetaka umfahamu hasa ni karani mwenzako, Baruku mwana wa Neria.

Baruku alikuwa mwandishi wa Yeremia. Nabii anatamka, yeye anaandika kwa wino. Yeremia alipozuiliwa kuingia hekaluni, Baruku ndiye aliyekwenda kulisoma gombo mbele ya watu. Likafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu, naye alikuwa ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo lote likaisha. Kisha akaamuru Baruku na Yeremia wakamatwe, ila Bwana akawaficha. Habari hiyo iko katika sura ya 36. Ijaribu kichwani: kazi yako yote imeteketea mbele ya wakubwa, wala hawakushtuka. Sura inaishaje? Baruku anachukua gombo jingine na kuandika upya maneno yote yaliyoungua, na mengine mengi yakaongezwa juu yake.

Sasa fungua sura ya 45. Ni fupi, mistari mitano tu, na sijapata kuisikia ikihubiriwa kwenye mkutano wa hadhara. Inamhusu Baruku peke yake. Analalamika kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, kwamba amechoka kwa kuugua na haoni raha. Na Mungu anamjibu: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute."

Mambo makuu gani? Andiko halisemi. Ila ukilinganisha 32:12 na 51:59 utaona kwamba Baruku na ofisa mmoja aitwaye Seraya wametajwa kwa baba mmoja na babu mmoja, Neria na Mahseya. Seraya alifuatana na mfalme Sedekia kwenda Babeli, alikuwa mtu wa msafara wa ikulu. Basi naona, na hili ni langu, usilibebe kama andiko, kwamba huyu karani alikuwa na ndugu aliyepanda ngazi wakati yeye vidole vimejaa wino na polisi wa mfalme wanamtafuta. Wewe una rafiki halmashauri na mwingine Dar. Nadhani mnaelewana.

Angalia pia Mungu hakumwambia nini. Hakumwambia nyota yake imefunikwa. Hakumpa ahadi ya kiti kama cha Seraya. Alimwahidi uhai wake popote atakapokwenda, na akamwacha kwenye kazi ileile ya kuandika. Huyo mtu ambaye mambo makuu hayakumfikia ndiye aliyeshika kalamu, na leo huyo mtumishi wako ana Yeremia 29:11 ya kukusomea kwa kuwa kulikuwa na karani.

Nikuambie ninavyoamini. Sehemu kubwa ya kusudi la Mungu kwako haijafichwa mahali popote. Paulo anawaandikia Wathesalonike: haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu. Mika anasema Bwana anataka utende haki, upende rehema, uende kwa unyenyekevu na Mungu wako. Na kwa Waefeso, sura ya 2, tunasoma kwamba tumeokolewa kwa neema, kisha kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali. Uangalie huo mpangilio. Neema imetangulia. Wewe ulikwisha kuwa wa Kristo siku ya ubatizo wako, kabla hujashika mizani wala diploma. Hata Bwana wetu, Luka anasema alianza kazi yake akiwa na umri kama miaka 30, na sauti ya "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu" ilimfikia mtoni Yordani kabla hajafanya muujiza hata mmoja. Hadi siku hiyo watu wa Nazareti walimjua kama seremala. Sioni mahali Maandiko yanapoihesabu ile miaka kuwa imepotea.

Tuje kwenye mizani yako basi, maana umeitaja kama aibu.

Kwenye foleni yako ya Oktoba yupo bibi mwenye gunia moja. Kutwa ameinama chini ya mikorosho, ameokota, ametenganisha korosho na bibo, ameanika. Hajui kusoma. Gunia likipandishwa, yeye hatazami mizani, anatazama mdomo wako. Namba utakayoitamka ndiyo ada ya mjukuu, ndiyo bati la nyumba. Ukimkata kilo moja kwa kisingizio cha unyaufu au uzito wa gunia, kilo isiyoandikwa popote, hatajua. Ukiandika stakabadhi sawasawa, hatajua pia. Mungu anajua, na amelisemea jambo hili kwa maneno makali kuliko alivyosemea nyota ya mtu yeyote: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Mithali 11:1. Wewe unajua vizuri kuliko mimi jinsi mkulima anavyoumizwa na kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini nje ya ushirika, kabla hata hajafika kwenye chama. Akifika kwako akakuta mtu mwaminifu, hapo tayari kuna huduma ambayo hakuna aliyekuwekea mikono kuifanya.

Yohana Mbatizaji aliulizwa swali lako hasa. Watoza ushuru na askari walimjia mtoni wakiuliza, nasi tufanye nini? Nilipokuwa kijana nilitarajia awaambie waache kazi hizo chafu wamfuate jangwani. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Akawarudisha kazini wakiwa watu wengine.

Usinielewe kwamba nakufungia kwenye korosho hadi uzeeni. Paulo anasema kila mtu na akae katika hali aliyoitwa, na hapohapo anamwambia mtumwa kwamba akiweza kuwa huru, autumie uhuru huo. Kutafuta kazi inayolingana na ulichosomea si dhambi wala si kukosa imani. Tuma maombi ya kazi, jiendeleze, na chama chenyewe kina wanachama wanaohitaji mtu anayejua mambo ya maendeleo ya jamii. Ninachokukataza ni kukidharau kilicho mkononi kwa ajili ya kitu ambacho mtu amekitaja kwenye kipaza sauti.

Na njia hubadilika, kwa watu wa Mungu pia. Wewe ni wa Masasi, hili ni la kwenu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwarudisha makwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda ardhi, wakabaki hapo. Safari haikufika ilikopangiwa. Waliojenga na kulima pale hawakuwa wamefunuliwa kwamba siku moja kungekuwa na dayosisi, shule na hospitali. Walikuwa watu waliochoka, wamepata mahali pazuri.

Kuhusu kufunga na kuomba: funga, vizuri sana. Funga Jumatano na Ijumaa huku unakwenda kazini. Kufunga ambako mke na mtoto ndio wanaolala njaa hakumpendezi Mungu, na Isaya 58 ameeleza wazi ni mfungo gani anaoutaka. Kuhusu sadaka: Petro alimwambia Simoni wa Samaria, aliyetaka kuipata karama ya Mungu kwa mali, kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Naona limetosha.

Inawezekana kweli kabisa kwamba Mungu anakuita kwenye utumishi. Mtu wa miaka 31 kuitwa si ajabu. Lakini katika Kanisa wito hausikiki kwa sikio moja. Paulo na Barnaba walitengwa kwa kazi wakati kanisa la Antiokia likifanya ibada na kufunga, na kanisa hilo lilikuwa linawajua, lilikuwa limekaa nao mwaka mzima. Huyo aliyekuita mbele hajui hata jina la mtoto wako. Mwendee padri wa mtaa wako na katekista, waliokuona Jumapili na Jumatatu. Omba nafasi ndogo: kusoma somo, kufundisha watoto wa Sunday school, kuwatembelea wagonjwa pamoja na kina mama wa UMAKI, umoja wa akina mama wa kanisa letu. Waulize baada ya muda wanaona nini kwako, na uwe tayari kusikia jibu lolote. Muulize na mkeo, yeye ndiye anayekuona nyumbani.

Msimu ukiisha, kama moyo bado unavutwa huko na wao pia wanaliona, niandikie tena. Hapo tutazungumza mambo ya barua ya padri, ya Askofu, na ya chuo.