Ini Linapokosa Damu: Majibu kwa Wasomaji

Baba yangu atatolewa uvimbe kwenye ini, na daktari amesema atabana mishipa ya damu kwa muda. Je, ini halitakufa? (Msomaji, Tanga)

Halitakufa, iwapo litabanwa kwa vipindi. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1908 na James Hogarth Pringle, daktari wa upasuaji wa Glasgow aliyehangaika na majeruhi waliovuja damu kutoka kwenye ini lililopasuka. Siku hizi wengi hubana dakika 15, huachia dakika 5, kisha hubana tena, huku mtu mmoja akitazama saa na kutaja dakika kwa sauti. Sehemu kubwa ya madhara hutokea damu inaporudi: seli zilizoishiwa nguvu hupokea oksijeni kwa ghafla, huzalisha kemikali zenye sumu, na chembe za ulinzi zilizomo ndani ya ini huzidisha uharibifu. Muulizeni daktari kama ini la mzee lina mafuta, maana ini la namna hiyo halivumilii kubanwa kama ini lisilo na mafuta.

Ninywe dawa gani ya kusafisha ini kabla ya upasuaji?

Hakuna. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Baadhi ya mitishamba hiyo yenyewe huunguza ini, kwa hiyo kila ulichokunywa kitaje kwa daktari wa usingizi, hata kama kilitoka kwa shangazi.

Na maji ya limau?

Limau halifiki kwenye kibano.

Dada yangu alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Siku ya pili vipimo vya ini vilipanda hadi maelfu, na jirani anasema ni homa ya ini.

Jirani anakisia. Virusi vipimwe, na kifafa cha mimba kisisahaulike, kwa kuwa nacho huumiza ini. Lakini ALT na AST (kemikali za ini zinazopimwa kwenye damu) zinazoruka hadi maelfu ndani ya siku moja hadi tatu baada ya mshtuko wa kupoteza damu, kisha zikashuka haraka na kukaribia kawaida katika siku 7 hadi 10, huonyesha ini lililokosa damu. Dawa ya ini hilo ni kuzuia uvujaji, kurudisha shinikizo la damu na kuongeza damu, na figo nazo ziangaliwe. Ndugu wanaozunguka hospitalini usiku kutafuta wachangiaji wangefaa zaidi kama wangechangia mwezi uliopita.

Ini la kupandikizwa husafirije bila damu?

Kwa miaka mingi limeoshwa kwa maji maalumu na kufungwa kwenye barafu, kwenye nyuzi joto 4 hivi, ili seli zitumie nguvu kidogo. Hata hivyo, utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha barafu na mashine inayosukuma damu yenye joto la mwili: maini ya mashine yalihifadhiwa muda mrefu zaidi, na bado yaliumia kidogo kuliko yale ya barafu.