Jibu: Msumeno wa plagi, kufuli linahitajika?

Habari ndugu. Unauliza kama fundi wako, hapo karakana yenu Marekani, akichomoa msumeno wa meza ili abadilishe diski, bado OSHA, shirika la serikali ya Marekani la usalama kazini, inamtaka aweke kufuli.

Kabla ya mashine yenyewe, angalia plagi iko wapi. Kanuni yake ya 1910.147, ile ya kufungia umeme wa mashine kwa kufuli wakati wa matengenezo, inaisamehe mashine ya waya na plagi kwa masharti mawili: kuchomoa kuondoe hatari yote, na plagi iwe chini ya mamlaka ya yule yule anayefanya kazi. Hilo la pili ndilo linaloponza wengi. OSHA hulitafsiri hivi: plagi ameishika mwenyewe, au anaiona na mkono wake unaifikia, au ameifungia kufuli.

Kwetu soketi ilikuwa nyuma ya nguzo. Nimeinama na spana kwenye nati ya diski, mwenzangu akaona plagi imelala chini, akairudisha kwa wema wake tu. Swichi ilikuwa imezimwa, ndiyo maana bado nina vidole vya kuandikia. Kesho yake tulinunua kasha la kufungia plagi.

Hujasema kama kuna hewa ya shinikizo au springi. Kama ipo, kuchomoa peke yake hakutoshi. Na ukisoma barua za ufafanuzi za OSHA, linganisha mazingira ya aliyeuliza na yako, maana zinajibu hali iliyoelezwa humo tu. Halafu angalia jimbo lenu: California, kwa mfano, ina mpango wake wa usalama kazini.