Mishumaa minne au mipini?

SWALI: Shikamoo mzee. Miaka ya 1980, kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni, mjomba alituletea kanda za video kutoka London. Tulijazana sebuleni kwetu Majengo kutazama Waingereza wawili: mfupi mwenye miwani akisimulia kwenye kiti kikubwa, na mwenzake mnene. Ni akina nani? Kichekesho chao cha dukani kilimliza baba kwa kicheko, mimi sikuelewa.
Mama Neema, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, umenikumbusha mbali! Mfupi ni Ronnie Corbett, mnene ni Ronnie Barker. Kipindi chao BBC, The Two Ronnies, kilidumu 1971 hadi 1987.

Kile cha dukani ni cha 1976. Barker anataka mipini ya uma wa bustani, lakini anameza herufi h, kwa hiyo Corbett anasikia “mishumaa minne” na kumwekea minne mezani. Kwa Kiingereza, “fork ’andles” (mipini ya uma, bila h) na “four candles” (mishumaa minne) matamshi yanafanana kabisa. Ndiyo maana baba alicheka.

Barker mwenyewe ndiye aliyekiandika, kwa jina la Gerald Wiley, jina alilolitumia ili wenzake wapime kazi bila kumpendelea. Kwa hilo nampenda mno. Alifariki 2005, Corbett 2016.

Kanda zile zipo bado? Zikinge na vumbi na unyevu, mama.