Mshale Unapanda Mlimani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Dalili za Gari

Barua nyingi za mwezi huu zina mpangilio mmoja: msomaji huanza kwa kunitajia spea alizokwisha kununua, kisha karibu na mwisho, kama jambo dogo, ndipo hutaja dalili. Ningeomba mpangilio huo ugeuzwe, hapa kwenye safu na hata gerejini. Fundi anahitaji kujua gari linafanya nini, linafanya lini, na likiwa katika hali gani.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota Premio ninayobebea nguo kutoka Mbarara hadi Kabale. Kwa miezi miwili sasa mshale wa joto unapanda. Fundi wa kwanza alibadilisha feni. Wa pili aliondoa thamostati, ile vali inayoongoza maji ya injini kulingana na joto. Sasa ninaongeza maji kila baada ya siku mbili, ingawa chini ya gari ni pakavu kabisa. Nikiwa mjini, hata kwenye foleni, mshale hukaa katikati, lakini nikianza kupanda milima ya kuelekea Kabale unapanda nao. Je, niendelee kuongeza maji tu? (Msomaji wa Mbarara)

JIBU: Marahaba. Hapana, usiendelee, maana maji hayo yanakwenda mahali fulani na hujui ni wapi.

Sentensi yako ya foleni na mlima ingetosha kukuokolea gharama ya feni. Feni hufanya kazi yake kubwa gari linaposimama au kwenda polepole. Likishika mwendo, upepo wa barabarani hupita wenyewe kwenye rejeta, kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini. Kwa hiyo gari linalopata joto kwenye foleni na kupoa likianza kutembea, tunalishuku feni, mota yake au fyuzi yake. Lako ni kinyume: linatulia kwenye foleni na kulemewa mlimani likiwa na mzigo, wakati injini inapotoa joto jingi kuliko linavyoweza kuondolewa. Hapo tunatazama rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, pampu ya maji, mkanda unaoizungusha, na kitu kidogo ambacho watu wengi hawakifikirii, yaani mfuniko wa rejeta.

Mfuniko huo si kizibo tu. Ndani yake mna springi inayozuia maji yasitoke mpaka mgandamizo ufikie kiwango kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa magari mengi ya Japani ni 0.9 au 1.1 (kilo kwa kila sentimita ya mraba), na mgandamizo huo ndio unaofanya maji yasichemke mapema. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi kando ya bahari. Kampala, ambayo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kabale, karibu mita 2,000, kwenye nyuzi 93. Gari lenye mfuniko uliolegea linaweza kuvumilia mjini, kisha likachemka huko juu, maji yakatoka kama mvuke bila kuacha tone chini ya gari. Nunua kwanza mfuniko wenye namba ileile. Katika yote niliyoyataja, ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote.

Kama maji yataendelea kupungua, basi huenda yanaingia ndani ya injini kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho kati ya injini na kichwa chake cha juu. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa gari na utazame maji kwa dakika chache. Mapovu machache ya mwanzoni si kitu, lakini mapovu yanayotoka mfululizo kama sufuria iliyo jikoni ni dalili mbaya. Tazama pia moshi: mweupe wa asubuhi unaotoweka injini ikipata joto ni unyevu tu, ila ukibaki mweupe na mzito hata baada ya safari, ni maji yanayochemkia kwenye silinda. Kisha geuza mfuniko wa oili uangalie upande wake wa ndani. Utando wenye rangi ya chai ya maziwa huonyesha kwamba maji na oili vimekutana, ingawa gari linalotembea safari fupi tu linaweza kuwa na utando mwembamba pasipo ugonjwa wowote, kwa hiyo usihukumu kwa ishara hiyo moja.

Kuhusu thamostati, irudishwe. Ni desturi ya mafundi wetu wengi kuiondoa kana kwamba ndiyo inayoleta joto, na kweli mshale hushuka kwa muda, lakini injini sasa hutembea ikiwa baridi kuliko ilivyokusudiwa, hula mafuta zaidi, na tatizo lenyewe hufichika mpaka likue. Tena usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na haraka ya soko. Nina kovu mkononi lililonifundisha jambo hilo nikiwa bado mwanafunzi wa gereji.

SWALI: Fundi, mimi ni dereva wa taksi ya abiria 14 kati ya Mbale na Kapchorwa. Nikiteremka, kanyagio la breki hulainika na kuzama, nami hulazimika kulikanyaga mara mbili au tatu. Kesho yake asubuhi huwa zuri kabisa. Tumebadilisha pedi mara mbili. (Dereva wa Mbale)

JIBU: Ndugu dereva, usipakie abiria kwa mteremko ule mpaka jambo hili limalizwe.

Kanyagio linalolainika breki zikiwa za moto na kupona zikipoa huelekeza kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka upesi. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishajaa unyevu kiwango chake huweza kushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na povu hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu wako huishia kubonyeza povu badala ya kusukuma pedi. Pedi mpya haziwezi kuliponya jambo hilo. Mafuta yamwagwe yote, yawekwe mapya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chupa yake, hewa itolewe kila gurudumu, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya miaka miwili hivi. Kwenye mteremko, ingiza gia ndogo tangu juu, ili injini ibebe sehemu ya uzito.

Kwa wasomaji wengine, kuna tofauti inayofaa kukumbukwa. Kanyagio linalozama polepole ukiwa umelishikilia gari likiwa limesimama huonyesha masta silinda (pampu kuu ya breki) iliyochakaa au uvujaji, na linalobaki gumu huku gari halisimami sawasawa huonyesha pedi zilizoungua au msaada wa breki, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, uliokufa. Mafuta yakipungua kwenye chupa bila kuvuja, mara nyingi pedi ndizo zilizokwisha, hivyo kuyaongeza tu ni kuificha dalili.

SWALI: Taa nyekundu yenye umbo la birika humetameta nikizunguka kwenye raundabauti, kisha huzima. Je, ni waya? (Msomaji wa Kampala)

JIBU: Inawezekana, lakini usianze na waya. Gari likiegemea upande, oili iliyopungua hukimbilia pembeni na pampu hunyonya hewa. Simama mahali salama, zima injini, subiri dakika kumi mahali pa tambarare, kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili iko sawa na taa bado inamulika, gari livutwe hadi gerejini, usiliwashe. Taa ya njano hukuruhusu kufika kwa fundi, nyekundu ya birika haikuruhusu.

SWALI: Kuna mvumo unaoongezeka kadiri ya mwendo, na hupungua nikikata kona ya kushoto. (Msomaji wa Jinja)

JIBU: Umeeleza vizuri kuliko wengi. Ukikata kushoto, uzito wa gari huhamia kulia, na gurudumu la kushoto hupumzika. Kama mvumo hupungua wakati huo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa kwanza. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kutikisiwa juu na chini, huenda ukahisi mchezo, yaani kulegea, mkononi. Lakini kama ungesikia ta-ta-ta usukani ukiwa umepindwa hadi mwisho, ningekuambia uiname utazame upande wa ndani wa gurudumu la mbele: raba iliyopasuka ya kiungo cha ekseli na grisi nyeusi iliyorukia kwenye rimu.